Mashine Kumi na Nne za Mlimani

Kwa miaka sita nilipanda treni ya chini ya ardhi pale Rinkeby kila asubuhi na kushuka Sundbyberg, vituo vitatu tu mbele, na kabla hata sijavua koti nilikuwa nimeshakodolea macho skrini kuona mlimani kumeamkaje. Mlima wenyewe ulikuwa mbali sana kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa treni. Juu yake ilisimama mitambo kumi na minne ya kufua umeme kwa upepo, na sisi tuliokaa katika chumba kile cha ghorofa ya tatu ndio tulioiwasha, tukaizima na kuisikiliza kwa tarakimu. Sisi tuliiita mashine tu. Mashine ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Kumi na Nne.

Mama yangu, aliyebaki Bukavu, hakuielewa kazi hii hata kidogo. Nilimpigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani, na kila Jumapili alirudi pale pale.

"Kwa hiyo umekaa huko Ulaya, unalinda upepo?"

"Ndiyo, Mama."

"Unaulinda nani asiuibe?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha tukaingia kwenye habari za watoto. Lakini nilikuwa najua kwamba akiketi na wenzake huwaambia watu binti yake ni mkubwa wa umeme wa Uswidi wote.

Umeme niliujua tangu nyumbani. Nilisomea ufundi wa umeme kabla vita havijatutawanya, na nilipofika Stockholm, baada ya kujifunza Kiswidi na kufanya kazi za usafi kama wengi wetu, nilirudi darasani kusomea mitambo ya upepo. Nilifaulu kila kitu isipokuwa kimoja. Siku ya kupanda mnara wa mazoezi nilifika katikati ya ngazi, nikaangalia chini, nikakumbatia vyuma. Mwalimu alipanda mwenyewe kuja kunishusha, akinishika mguu mmoja mmoja na kuuweka kwenye kipandio. Hakunicheka. Alisema tu kwamba mashine hizi zinahitaji pia watu wa chini. Ndivyo nilivyofika Sundbyberg.

Mtu wangu wa mlimani alikuwa fundi mkuu, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Kila siku saa mbili asubuhi alinipigia simu. Waswidi huitana kwa majina tu, mkubwa na mdogo sawa, lakini ulimi wangu ulikataa kulitaja hivi hivi jina la mtu wa umri wa baba yangu. Basi nilikwepa. Yeye naye hakuweza kulitamka langu. Akatafuta njia yake.

"Habari za asubuhi, Stockholm," alisema siku ya kwanza, kama vile mji mzima umepokea simu.

"Habari za asubuhi, Mlima," nikamjibu.

Hatukubadilisha tena.

Ni yeye aliyenifundisha barafu. Mimi nilidhani adui wa mashine ni baridi kali. Niliona kwenye skrini nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, nikampigia.

"Acha zizunguke," alisema. "Hewa ya leo ni kavu, safi. Ogopa siku ambayo utaona nyuzi mbili tatu tu chini ya sifuri na wingu limelala juu ya mlima. Hapo ndipo zinapovaa."

Kuvaa ndilo neno alilotumia. Wingu likigusa vyuma vyenye baridi, matone yake huganda papo hapo, na barafu nyeupe hujijenga juu ya mapanga, yale mabawa marefu yanayozungushwa na upepo, kipande juu ya kipande, kwa saa chache tu. Panga lililovaa barafu halishiki upepo vizuri. Mashine huanza kutetemeka, umeme hupungua, na vipande vikianza kung'oka hurushwa mbali kama mawe. Ndiyo maana huko juu kulikuwa na vibao vya kuonya watu wasipite karibu wakati wa baridi. Mapanga yetu yalikuwa na vipasha moto ndani, lakini ilibidi usimamishe mashine, uyapashe, usubiri, ndipo uiwashe tena. Ukiwahi mno umepoteza umeme bure. Ukichelewa, vipasha moto haviwezi tena.

Nilijifunza kuijua barafu bila kuiona. Nilitazama mashine mbili jirani zikiwa kwenye upepo ule ule: moja ikileta umeme wake wote, nyingine ikisuasua. Nikasema, ya Sita imevaa. Mzee akachukua darubini, akatoka nje ya kibanda chao cha mafundi kilichokuwa chini ya kilele, akarudi kwenye simu akihema.

"Imevaa kweli, Stockholm. Umeijuaje?"

Siku ile nilirudi Rinkeby nikitabasamu peke yangu ndani ya treni.

Sasa nifike kwenye siku ile ya Februari.

Ilikuwa Alhamisi. Mashine ya Tisa ilikuwa imesimama tangu alfajiri, na kipima upepo chake kilionyesha sifuri. Jirani zake wote walionyesha upepo mzuri. Nilijua mara moja kwamba kipima upepo kimeganda, na mashine, masikini, inaamini hakuna upepo. Mzee alipopiga simu nikamwomba apande akakisafishe.

"Wingu la upande wa magharibi silipendi," alisema.

"Utabiri unasema hali ni nzuri mpaka jioni."

"Utabiri unasema hivyo?"

"Nimeusoma sasa hivi."

"Haya. Tunapanda."

Alikwenda na mwenzake, mwanamke wa makamo aliyekuwa fundi wa migodi kabla ya kuja mlimani, mtu wa maneno machache. Walipanda na skuta ya theluji mpaka chini ya mnara, wakaingia ndani, wakapanda ngazi mpaka juu kabisa. Saa nne na nusu nilikuwa nimekaza macho kwenye Tisa. Sifuri. Sifuri. Kisha ghafla, mita kumi na tatu kwa sekunde. Nikapiga makofi peke yangu. Mkuu wa zamu yetu, mama mmoja mwenye sauti ya upole aliyeketi meza ya pili, akageuka kunitazama.

"Tisa imefumbua macho," nikamwambia.

Lakini tarakimu haikukaa kwenye kumi na tatu. Ikawa kumi na sita. Kumi na tisa. Ndani ya nusu saa ikafika ishirini na nne, na mashine zote zikaanza kujizima zenyewe, moja baada ya nyingine, kama zinavyotakiwa kufanya upepo ukizidi. Tufani lililotabiriwa kuja jioni lilikuwa limeshafika.

Mzee akapiga simu kutoka chini ya mnara. Walikuwa wameshuka salama, lakini mwenzake aliteleza kwenye vipandio vya mwisho na kuumia kifundo cha mguu. Alipofungua mlango wa mnara, alisema, hakuiona hata skuta iliyokuwa hatua tatu mbele yake.

"Kaeni humo," nikasema.

"Tunakaa. Kuna taa, kuna joto kidogo, kuna biskuti."

Saa sita kasoro, laini ya umeme iliyopanda mlimani ikakatika. Huenda ni barafu iliyozielemea nyaya, huenda ni upepo. Kwenye skrini yangu kila mashine iligeuka nyekundu. Ndani ya mnara taa zilizimika na kile kijoto kidogo kikaondoka. Chuma hakitunzi joto. Walikuwa wamelowa jasho kwa kupanda ngazi, na sasa jasho lile lilikuwa linapoa mwilini.

Mkuu wa zamu akawapigia waokoaji wa milimani. Walisema wako tayari lakini hawawezi kutoka mpaka waone njia. Mzee naye alikuwa anabana betri ya simu yake, akiiweka kwapani isipoe. Tukakubaliana anipigie kila baada ya dakika ishirini, maneno mawili matatu tu.

Kibanda chao cha mafundi, chenye jiko la kuni, kilikuwa kilomita tatu kutoka Tisa. Njia ilikuwa na vijiti virefu vya kuongoza, lakini lazima uone kijiti kinachofuata. Kwa skuta ni dakika kumi, ukiona.

Nilikaa pale, katika chumba chenye joto la kutosha. Mimi ndiye niliyewatuma. Niliwaza utabiri ule nilioutaja kwa kujiamini, mimi ambaye mlima ule sijawahi kuuona kwa macho. Nilitaka kusali nikashindwa kupata maneno, si kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa.

Basi nikaangalia tarakimu, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichokijua. Umeme ulikatika, lakini vipima upepo vilikuwa na betri za akiba za saa kadhaa na bado vilituma habari. Nikatazama Mashine ya Kwanza, iliyosimama peke yake ukingoni mwa magharibi. Upepo wake ulishuka ghafla mpaka mita tisa, ukakaa hapo, kisha ukapanda tena. Baada ya dakika kumi na tano hivi, Tisa ikafanya vile vile. Nikasema ni bahati. Nikasubiri. Ikatokea tena: Kwanza ikashuka, Tisa ikafuata. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaandika saa na dakika kwenye karatasi, na mkuu wa zamu amesimama nyuma ya kiti changu.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia nilichokiona. Yeye ataamua."

Simu ilipoita, sauti ya mzee ilikuwa nzito, maneno yakitoka polepole. Alisema mwenzake ameanza kutetemeka sana, kisha ameacha kutetemeka, na hilo la kuacha ndilo linalomtisha.

"Pole," nikasema. Lilinitoka lenyewe, kwa Kiswahili.

"Umesemaje?"

"Hakuna. Sikiliza, Mlima. Upepo unapumzika. Kila baada ya kama nusu saa unapumzika kwa dakika kumi na mbili, kumi na nne. Unaanzia kwa Kwanza, kisha unafika kwako. Ninauona unavyokuja. Ukitaka, nitakuambia."

"Dakika ngapi kabla?"

"Kumi na tano."

"Zinatosha kuifukua skuta," alisema. "Niambie."

Saa nane na dakika kumi Mashine ya Kwanza ikashuka. Nikampigia. Nilisema neno moja, "Sasa," akakata simu. Kuanzia hapo sikuwa na njia ya kumpata, kwa kuwa angekuwa na mikono yote miwili kwenye skuta. Dakika kumi na tano zikapita. Tisa ikashuka: kumi na nane, kumi na mbili, nane. Nikawaza, anafungua mlango. Anampakia mwenzake. Anatafuta kijiti cha kwanza. Ya Saba, iliyokuwa kwenye njia ya kwenda kibandani, ikashuka. Ya Nne, iliyokuwa karibu na kibanda, ikashuka. Mkuu wa zamu alikuwa ameweka mkono begani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya na hakulifanya tena.

Kisha Tisa ikapanda. Ishirini. Ishirini na tatu. Simu ilikuwa kimya.

Ilikaa kimya dakika tisa nyingine. Ilipoita niliinyakua kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Tuko ndani," mzee alisema. "Anakunywa kahawa. Ananiambia kahawa yangu mbaya. Kwa hiyo atapona."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya Waswidi wote, ambao wao huenda kulia chooni. Mtu mmoja akaniletea maji, mwingine keki ya mdalasini, na mkuu wa zamu akachukua simu akaongea na mzee kwa niaba yangu.

Jirani yangu wa Rinkeby, mama wa Kirundi, ndiye aliyekwenda kumchukua binti yangu shuleni jioni ile. Nilipofika, mtoto akaniuliza kwa Kiswidi nilikuwa wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nilikuwa kazini, kulikuwa na upepo mkali. Akachungulia dirishani. Miti ya uwanjani ilikuwa imetulia kabisa. Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mzazi anayedanganya.

Asubuhi yake, saa mbili kamili, simu iliita kama kawaida. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha.

"Mimi ndiye niliyekutuma juu," nikaanza. "Uliniambia wingu ni baya, nikakujibu kwa utabiri. Naomba unisamehe."

"Ulinituma, kweli," alisema. "Lakini nilikuwa na macho yangu na wingu nililiona. Yeyote kati yangu na wewe angeweza kukataa. Tugawane hilo." Kisha akauliza, "Jana ulisema neno. Neno fupi."

Nikamweleza pole. Nikamwambia ni neno la kumpa mtu aliyepatwa na jambo, hata kama wewe hukulisababisha. Kwamba unaambiwa pole ukiugua, ukichoka, ukijikwaa, ukifiwa.

"Hata ukijikwaa?"

"Hata ukijikwaa."

"Sisi hatuna neno hilo," alisema, na nikasikia akilijaribu mara mbili tatu pembeni ya simu. Tangu siku hiyo alilitumia kila mahali, mara nyingi pasipostahili. Mashine ikizalisha umeme vizuri alisema pole. Nikimwambia naenda likizo, pole sana. Sikumsahihisha.

Septemba iliyofuata kampuni ilinipeleka mlimani kwa siku tatu. Nilimtarajia mtu mkubwa kwa sababu ya ile sauti, lakini aliyenipokea kwenye jukwaa la treni alikuwa mfupi, kichwa kikinifikia begani, amevaa kofia ya sufu iliyotoboka. Tulitazamana tukacheka. Mwenzake alikuja pia, akitembea vizuri, akanishika mkono akautikisa muda mrefu.

Walinipandisha mpaka kileleni. Nilikuwa nimezijua mashine zile kama watu unaosoma barua zao, na sasa zilisimama mbele yangu, kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kusimama chini yake, na kila panga likipita lilivuta pumzi ndefu. Upepo ulinipiga usoni nikaukadiria kimoyomoyo: kumi na moja. Mzee akaangalia kifaa chake mfukoni. Kumi na moja. Tukaingia ndani ya Tisa. Nikafungwa mikanda, nikapanda ngazi mpaka jukwaa la kwanza. Hapo nikakumbatia vyuma tena.

"Inatosha," alisema mzee kutoka chini. "Hata wengine tungependa kuishia hapo."

Miaka miwili baadaye alistaafu, na mwaka uliofuata kampuni ikakihamishia chumba chetu kwenye mji mmoja huko huko kaskazini. Walinipa nafasi ya kwenda. Niliipima kwa wiki nzima. Binti yangu alikuwa ameanza sekondari, kanisa letu lilikuwa Jakobsberg, sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, niliinunua hatua chache kutoka mlangoni. Nikakataa, nikapata kazi ya kusimamia mabomba ya kupasha nyumba joto hapa hapa mjini. Ni kazi nzuri. Mabomba hayana hasira. Lakini kwa miezi mingi mwili wangu uliendelea kuamka ukitaka kujua kama kuna wingu.

Mzee alikuja Stockholm mara moja tu, kwa ajili ya kuchunguzwa goti hospitalini. Alinipigia akiwa Sundbyberg, amesimama nje ya jengo letu la zamani.

"Kuna duka la miwani hapa," alisema. "Uko wapi?"

Nikamfuata, nikamleta nyumbani Rinkeby. Nilipika ugali wa muhogo, ambao kwetu tunauita bugali, pamoja na sombe na samaki, na nikampa kijiko, lakini alipoona binti yangu anakula kwa mkono naye akaweka kijiko pembeni. Bugali lilimshinda mwanzoni, likamnata vidoleni. Binti yangu akamwonyesha jinsi ya kulifinyanga tonge, akimweleza kwa Kiswidi safi, na mzee akafuata maagizo kwa makini yale yale aliyokuwa akinifundishia barafu. Aliongeza mara mbili. Alimsimulia mtoto habari za siku ile ya tufani, yote, mpaka kahawa mbaya, na mtoto akawa ananigeukia kila mara.

"Ni kweli, Mama?" aliniuliza, kwa Kiswahili. "Wewe ndiye ulisema sasa?"

"Ni mimi."

Baada ya chakula mzee alilala kwenye kochi, mikono kifuani, buti zake zimepangwa mlangoni pamoja na viatu vyetu. Tulimwacha alale saa nzima. Binti yangu alikwenda kuzima redio jikoni, kisha akarudi na blanketi lake mwenyewe akamfunika miguu. Ulipokaribia muda wa treni yake nikamwamsha taratibu, nikamfungia samaki aliyebaki kwenye kikopo, tukatoka wote watatu kumsindikiza kituoni.